Jibu: Seti ya Z80 isiyotoa hata herufi moja, usiagize chipu mpya bado

Ndugu yangu wa Bukavu, umeeleza kwamba umelehemu mwenyewe seti ya RC2014, kompyuta ndogo ya kujiundia, yenye chipu kuu ya Z80, kwamba ukiiwashia umeme skrini ya laptop inabaki tupu, na kwamba sasa unataka kuagiza Z80 nyingine pamoja na ROM nyingine, yaani chipu inayobeba programu ya kuanzia. Naomba usiagize bado. Katika bodi za namna hii zilizopita mezani kwangu hapa Lubumbashi, nyingi zikiwa za wanafunzi, ugonjwa karibu kila mara ulikuwa kwenye lehemu, kwenye soketi au kwenye waya unaokwenda laptop, si ndani ya chipu yenyewe. Tena Zilog, waliotoa Z80 mwaka 1976, walifunga kupokea maagizo ya chipu hiyo mwezi Juni 2024, kwa hiyo miongoni mwa zile zinazouzwa mtandaoni kwa bei rahisi zimo zilizochomolewa kwenye mashine kuukuu, na zimo zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Ukiingiza chipu ya namna hiyo kwenye bodi ambayo bado huijui, utakuwa na mashaka mawili badala ya moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba herufi kwenye skrini ndizo za mwisho kabisa katika safari nzima. Lazima umeme ufike, saa (mapigo ya umeme yanayoiongoza Z80) ipige, Z80 isome ROM, RAM (kumbukumbu ya muda) ihifadhi, ndipo chipu ya siriali, ile inayotuma herufi kwa laptop, iseme neno. Skrini tupu haikuambii safari ilikatikia wapi, kwa hiyo tunahitaji kuihoji bodi bila kuitegemea siriali.

Anza na umeme, lakini usipime kwenye plagi. Weka ncha za multimita kwenye miguu ya Z80 yenyewe, mguu wa 11 na mguu wa 29, na utafute volti kati ya 4.75 na 5.25. Kama unatumia pawabenki kwa sababu ya umeme unaokatika, fahamu kwamba bodi hii hula umeme mdogo kiasi kwamba pawabenki nyingi hudhani hakuna simu iliyochomekwa, zikajizima baada ya muda mfupi. Rezista ya omu 47 yenye uwezo wa wati 1, ikiwekwa kati ya volti 5 na hasi, hula takribani miliampea 106 na huzifanya nyingi zibaki macho. Itapata joto, kwa hiyo iweke mbali na plastiki.

Sasa saa. Wachache sana kati yetu wana oskiloskopu, lakini nyumba nyingi bado zina redio ya mawimbi mafupi, na redio hiyo inatosha. Kristali ya seti hii ni ya megahezi 7.3728, ambayo imeangukia ndani ya bendi ya mita 41. Isogeze redio karibu na bodi, izungushe hadi karibu na 7.37, kisha washa na kuzima bodi. Usitarajie muziki wala mlio: kama saa inapiga, ule mvumo wa redio utapungua au utanyamaza kila unapowasha, kwa sababu redio imekamata wimbi lisilobeba sauti yoyote. Mafundi wa redio wa Kamalondo niliowaonyesha jambo hili walilielewa papo hapo, pengine kuliko vijana wa kompyuta. Baada ya hapo hakikisha kwamba wimbi hilo linafika hadi mguu wa 6 wa Z80, ambapo multimita itaonyesha takribani volti 2.5, kwa kuwa inasoma wastani wa mapigo.

Miguu ya 16, 17, 24 na 25, yaani INT, NMI, WAIT na BUSRQ, njia za kuikatiza au kuisimamisha Z80, yote iwe juu, karibu na volti 5. Mguu wa 26, RESET (wa kuanza upya), uwe juu na ushuke unapobonyeza kitufe. BUSRQ ikiwa chini, Z80 huachia njia zote na kukaa kando kana kwamba haimo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hiki kinachofuata, na ndicho ningekifanya leo kama ningekuwa wewe. Chomoa kadi za ROM, RAM na siriali, ubaki na Z80 na saa tu. Chukua rezista nane za kilo-omu 1, uunganishe kila njia ya data, D0 hadi D7, na hasi. Z80 itasoma sifuri kila mahali, na sifuri kwake ni amri ya NOP, yaani usifanye kitu, songa mbele. Itatembea anwani moja baada ya nyingine hadi mwisho na kuanza upya, zaidi ya mara 28 kwa sekunde. Kama Z80 yako ni ya CMOS (aina inayokula umeme mdogo), multimita ikiwekwa kwenye volti za DC itaonyesha kama 2.5 kwenye M1 (ishara ya kusoma amri), mguu wa 27, na kama 2.5 pia kwenye njia za anwani A0 hadi A6. Kwenye A7 hadi A15 utaona kama 1.25 tu, na huo si ubovu: katika nusu ya pili ya kila usomaji Z80 hutoa anwani ya kuhuisha kumbukumbu, na njia hizo za juu huwa sifuri wakati huo. Njia iliyoganda kwenye 0 au kwenye 5 ndiyo yenye ugonjwa. Mguu wa 22, WR (ishara ya kuandika), ubaki juu bila kutikisika. Ukiyaona haya yote, Z80 yako ni nzima, na fedha ya kuagiza nyingine imebaki mfukoni.

Ondoa rezista, rudisha ROM na RAM, kisha pima WR tena, safari hii ukiwa na shaka. ROM isipojibu na njia za data zikavutwa juu, Z80 husoma FF (biti zote nane zikiwa 1), ambayo ni amri ya RST 38: inaruka kwenda anwani 0038, inakuta FF nyingine, inaruka tena, na kila mara inaandika kwenye RAM. Ukitazama M1 utadhani inachapa kazi. Dalili yake ni WR inayoshuka chini ya volti 5 bila kupumzika, tangu unapowasha.

Hapo ndipo chipu zichomolewe kwenye soketi zao, polepole. Kijana mmoja wa Katuba aliniletea bodi yenye dalili hii hasa. Kwa juu ROM ilikaa sawasawa, miguu yote ikionekana imeingia. Nilipoigeuza nikakuta mguu mmoja umejikunja ndani chini ya tumbo la chipu, umebanwa bapa kati ya plastiki mbili, na unang’aa kama mpya kwa sababu haujawahi kugusa soketi. Tuliunyoosha kwa koleo nyembamba na bodi ikaongea siku hiyo hiyo.

Siriali nitaipitia haraka. TX (ya kutuma) ya bodi iende RX (ya kupokea) ya adapta ya laptop, kasi iwe biti 115200 kwa sekunde, ambayo ni megahezi 7.3728 ikigawanywa kwa 64. Kwa sababu hiyo kristali ya megahezi 8 haiwezi kukaa badala yake. Mguu wa 24 wa chipu ya siriali, 68B50, uitwao CTS (ruhusa ya kutuma), ukiwa juu chipu haitumi chochote. Herufi zisizosomeka ni habari njema, maana Z80, ROM na RAM tayari zinafanya kazi.

Niandikie hapa volti ulizopata kwenye miguu ya 6, 22, 26 na 27, kabla na baada ya kipimo cha NOP, pamoja na picha ya upande wa lehemu iliyopigwa mchana, bila mwako wa kamera.