Mkuu, weka chini hiyo silikoni kwanza

Weka chini. Kabla hujaminya hata tone moja kwenye hilo gari, soma hapa, maana ulichoandika ndicho nilichofanya mimi mwaka 2019, karibu neno kwa neno.

Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: jamaa ana HiAce, anaigeuza iwe ya kulala, na mwezi wa saba anataka kupanda nayo Njombe, Makete, amalizie Kitulo na mke na mtoto. Anauliza gundi gani inashika sponji na kapeti kwenye bati, silikoni ipi ya kuziba matundu yote "ili baridi isipenye na vioo visitoe maji", betri ya friji iwe na ukubwa gani, na kama jiko dogo la gesi linatosha kupasha joto usiku. Na watatu wenu mmeshamgongea laiki na kumwambia yuko vizuri. Wakuu, mna roho ngumu.

Maji hayatoki nje, mkuu. Yanatoka kwenu mliolala ndani.

Chukua soda ya baridi, iweke mezani Dar mwezi wa tatu. Dakika tano tu inachuruzika. Soda haijavuja, hewa yenye mvuke imegusa kitu cha baridi, ikashindwa kubeba mzigo wake, ikautua hapohapo. Sasa bati la HiAce saa tisa usiku pale Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mbingu nyeupe haina wingu, ndiyo hiyo chupa ya soda. Na ninyi watatu mliojifungia mnapumua ndiyo Dar.

Hesabu yake haihitaji digrii. Hewa ya nyuzi 20 inabeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, basi. Ikishuka mpaka nyuzi 0, inabeba kama 5. Gari kama langu ndani lina mita za ujazo 6 au 7. Kwa hiyo hewa yote humo, hata ikijaa mvuke pomoni, imebeba maji gramu mia na kitu, kama nusu kikombe cha chai tu. Mtu mzima mmoja akilala usiku kucha, kwa pumzi na jasho anatoa robo lita na zaidi. Mko wawili na mtoto. Hayo yaliyobaki unafikiri yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye bati, kwenye vioo, chini ya godoro, na nyuma ya hilo kapeti unalotafutia gundi.

Mimi nilipeleka gari kwa fundi anayeshona viti na dari za magari. Simtaji, na gereji yake siitaji, ila kama anasoma huku anajijua. Akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Bosi, tukiliziba hili linakuwa chupa ya chai." Nikaipenda hiyo ya chupa ya chai. Niliirudia nyumbani kama mtu aliyeibuni mwenyewe. Akabandika sponji ya inchi moja kwenye bati lote, paa na ubavuni, juu yake mbao nyembamba, juu yake kapeti la kijivu, kisha akakaza yote kwa skrubu kwenye mbavu za paa. Shilingi 2,800,000. Gari likapendeza mno. Nililipiga picha nikaweka status, watu wakaniuliza namba za fundi, na nikawapa. Kama na wewe ni mmoja wao, samahani sana.

Mwezi wa saba tukapanda. Chimala, tukazikata kona zile 57 mpaka Matamba, jioni tukafika juu tumefurahi, tukapika maharage ndani maana nje palikuwa hapasimamiki, tukafunga kila kioo, tukalala. Asubuhi godoro limeloa upande wa mtoto.

Tulimsingizia mtoto kakojoa.

Ana miaka 7, anaapa hajakojoa, mama yake anamwambia si vizuri kusema uongo, mimi nakaza sura kama hakimu. Mpaka nilipoinua godoro nikakuta mbao ya chini imelowa urefu wote, hadi upande wangu mimi. Nikapapasa dari, kapeti lina ubaridi wa taulo lililosahaulika kwenye ndoo. Nikafuta kioo cha nyuma kwa kiganja, maji yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Mtoto ananitazama tu. Hiyo kesi ananikumbushia mpaka leo kila akitaka pipi.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilirudi kwa fundi yuleyule.

Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, kwa hiyo usiruke. Fundi akazunguka gari, akagusagusa, akasema: "Bosi, kuna mahali hewa inapenya, ndiyo maana joto na baridi vinakutana." Akaziba. Akaziba yale matundu ya nyuma kabisa ubavuni ambayo hewa ya gari hutokea. Akaziba pembezoni mwa milango. Akaziba hata vile vitundu vidogo vya chini ya milango, ambavyo kiwanda kimeviacha kwa makusudi ili maji ya mvua yanayoteremka na kioo yatoke. 650,000 nyingine, na nikamshukuru. Nilimpa na ya soda.

Na si yeye peke yake. Kulikuwa na kijana mmoja wa YouTube, wa huko kwenye theluji, video yake ya dakika arobaini inasema ziba, ziba, ziba. Niliitazama mara mbili kabla ya kazi. Mara ya tatu niliitazama baada ya kuumia, ndipo nikaona juu ya kichwa chake, muda wote anapoongea, kuna feni inazunguka kwenye paa. Hakuitaja hata mara moja! Dakika arobaini za kuziba, na tundu lenyewe liko juu ya utosi wake.

Safari ya pili, mwezi wa nane, gari limezibwa kama mtungi, na kwa kujiona mjanja nikabeba na hita ndogo ya gesi. Mkuu, gesi ikiungua inatoa maji. Si mafumbo, ni kemia ya sekondari: kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua inazaa takriban kilo moja na nusu ya maji, yote mvuke, yote humohumo ndani. Ule mtungi wako wa kilo 6 ni karibu ndoo ya lita 10. Nililala nikiwa nimejitengenezea bafu la mvuke. Cheka tu, nimeshazoea.

Lakini hapa usicheke: saa nane usiku mama watoto aliamka kichwa kinamgonga na anataka kutapika, akapiga mlango teke ukafunguka. Nje baridi ikatukata kama wembe, na baada ya muda kichwa kikaanza kutulia. Moto kwenye chumba kilichozibwa unakula hewa kisha unatoa ile sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani hawakuamka, na mimi nilikuwa nasema "hawa watu vipi hawa". Ndio sisi. Gesi, mkaa, mshumaa, usilale na moto wowote ndani ya gari. Hapo sitaki ubishi kwenye uzi huu.

Turudi kwenye pesa. Gari likarudi Dar na sponji imebeba maji yake nyuma ya kapeti, huioni. Likakaa juani limefungwa, mchana linachemka, usiku linapoa, likaanza kunuka kama stoo ya mitumba. Nikanunua marashi ya gari. Kisha marashi mengine makali zaidi. Mwaka uliofuata nikaona duara la kahawia kwenye kapeti kuzunguka kila skrubu, vimejipanga vizuri kama vifungo vya koti.

Nilianza kubandua kona ya nyuma kulia kwa kisu cha puti. Kapeti likaja na mbao, mbao ikaja na sponji, na sponji ikaja na rangi ya gari. Upande uliogusa bati ulikuwa mweusi kwa ukungu, na nikiukamua kwa mkono unatoa maji, mwezi wa pili, Dar, gari halijaona baridi tangu mwezi wa nane! Chini yake ukawa unadondoka unga mwekundu kama wa ubuyu. Kila skrubu ilikuwa imetoboa rangi ikaacha bati uchi. Nikagusa kwa bisibisi karibu na mfereji wa maji wa paa, nagusa tu, sikusukuma. Bisibisi ikatokea nje. Milango nayo, nilipotoboa ile silikoni ya chini, wa kushoto ulitoa maji kama unakojoa, na safari hii mtoto hakusingiziwa.

Fundi bodi alikata, akachomelea, akapaka, 3,100,000. Jumla 6,550,000, sijahesabu godoro wala waya za taa zilizooza. Na mwisho wa yote nikabaki na HiAce ile niliyokuwa nayo mwanzo, tena yenye viraka.

Kwa hiyo kanuni ni moja na siku hizi siongezi ya pili: vidole viwili, usiku kucha. Kioo kimoja kiwe wazi vidole viwili, na upande wa pili, mbali nacho, pawe wazi vidole viwili, kimoja kikiwa juu iwezekanavyo kwa sababu mvuke unapanda. Mvua inyeshe, upepo uvume, mama watoto anune, pawe wazi. Mvua ikikusumbua, bandika vile vikinga mvua vya plastiki juu ya vioo vya milango ya mbele. Ukipata feni ya kompyuta ya volti 12 ukaifunga kwenye tundu la paa itoe hewa nje, ndiyo peponi, na betri haitajua hata kama ipo.

Najua utaniuliza, maana na mimi niliuliza: "Nje kuna ukungu mzito, nikifungua si naingiza maji?" Hapana. Hewa ya nyuzi 2, hata iwe ndani ya ukungu, ina mvuke wa gramu 5 na kitu tu kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa na miili yenu mpaka nyuzi 15, hewa hiyohiyo inakuwa kavu, haijafika hata nusu ya inachoweza kubeba, kwa hiyo inazoa pumzi yenu inatoka nayo. Nilinunua kile kipimio kidogo cha unyevu cha elfu ishirini na tano kwa ajili ya ubishi huu. Usiku wa kufunga, saa kumi na mbili asubuhi kilisoma asilimia 94. Usiku wa vidole viwili, palepale, kilisoma 70. Vioo vililowa pembeni tu, nikapitisha kitambaa, tukanywa chai. Chai iliyochemshiwa nje.

Baridi? Ndiyo, utaisikia. Ndiyo kazi ya blanketi. Chemsha maji nje, tia kwenye chupa ngumu, zungushia soksi, weka miguuni. Kuna hizi hita za dizeli za Kichina ambazo zenyewe moto wake unaungua kwenye chumba chake na moshi unatoka nje kwa bomba, joto linaloingia ni kavu. Hizo nazikubali, ila juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi, usipopunguza mafuta inajaa masizi. Kama huna pesa yake, blanketi mbili.

Na wewe uliyemshauri aweke chumvi kwenye beseni inyonye unyevu: chumvi itanyonya vijiko viwili, kona ya kwanza itamwagika kwenye sakafu ya bati, halafu tutakutana kwa fundi bodi.

Kama lazima ubandike kitu kwenye bati, acha sponji. Tafuta ule mpira mweusi wanaozungushia mabomba ya AC, unauzwa na kwa shiti, haunyonyi maji. Ubandike ushikane na bati kabisa usiache mfuko wa hewa nyuma, na usitoboe skrubu hata moja bila kupaka rangi kwenye tundu. Godoro usililaze moja kwa moja juu ya mbao, weka chaga lipumue chini. Jaketi na viatu vilivyolowa vilale mbele au nje.

Halafu lala humo garini usiku mmoja hapohapo uwanjani kwako kabla ya kubandika chochote, vioo vidole viwili, asubuhi upapase dari kwa kiganja. Hiyo silikoni kama hujakata mdomo wake, rudi nayo dukani leo, huenda wakapokea ukiwa na risiti.