Kila Nati Iwe na Mwenyewe: Kwa Mafundi Wapya wa Timu Ndogo

Vijana wangu, nawapenda kwa kuamka alfajiri kuja kusukuma gari la mashindano ambalo hamtaliendesha. Lakini Jumapili iliyopita niliwaona pale servisi watu watatu mmeinamia gurudumu moja, na yale mengine hayana mtu. Nimeona heri niseme sasa, kabla hatujarudi uwanjani.

La kwanza ndilo hilo hilo. Timu ndogo haiangushwi sana na kutojua, mnajua. Inaangushwa na kazi iliyobaki kati ya watu wawili, kila mmoja akiamini mwenzake ameimaliza.

Kuna msimu tulikuwa Stoni Athi na Toyota Starlet, kwenye otokrosi, zile mbio za mizunguko kwenye njia ya udongo, daraja la tuwili draivu (gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu) bila turbo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ule udongo mweusi ulikuwa unanata kila mahali. Kati ya mzunguko wa pili na wa tatu dereva akaomba tairi za mbele zibadilishwe. Kijana mmoja akafunga nati nne za kushoto kwa mkono, gari likiwa bado juu ya jeki, akageuka kutafuta wili spana. Hapo majirani zetu wakaomba msaada wa kusukuma gari lililogoma kuwaka, naye kwa roho nzuri akaenda. Wa pili akaziona nati zote nne zimekaa, akateremsha jeki. Wa tatu akapiga boneti kofi, ishara kwamba gari liko tayari. Dereva akaenda kupanga foleni.

Kona ya kwanza usukani ukatetemeka. Akadhani ni matope yamenasa ndani ya rimu, maana matope hutetemesha usukani vivyo hivyo. Kona ya tatu gurudumu likachomoka, likalipita gari, likaruka tuta na kuishia nyasini upande usio na watazamaji. Upande ule ulikuwa bahati tupu. Tuliolikimbilia gari tulikuta bolti mbili zimekatika, mbili zimeliwa nyuzi, na matundu ya rimu yaliyokuwa duara yamekuwa na umbo la yai. Jioni tukaulizana nani alikaza. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alieleza sehemu yake na zote zilikuwa kweli. Kukaza tu ndiko kulikokosa mwenyewe.

Basi ni hivi: mtu mmoja, gurudumu moja, mwanzo hadi mwisho. Piga brashi uso wa habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na wa rimu, kwa sababu tope au rangi mbichi ikibanwa hapo katikati husinyaa baadaye, na nati hulegea hata kama ulikaza sawasawa. Anza nati kwa mkono, zikaze kwa mtindo wa msalaba, teremsha gari, ndipo uchukue spana ya kupimia mkazo. Kwa Starlet ni 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha mkazo). Ikigonga "tak", weka alama ya chaki na utaje jina lako kwa sauti. Mzunguko wa kwanza ukiisha, pima tena. Mtu akikuita katikati ya kazi hiyo, hata nikiwa mimi, mwambie angoje. Sitakasirika.

La pili ni mafuta ya breki. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, hufyonza unyevu hewani. Kiwango kinataka yakiwa mapya yavumilie angalau 230°C kabla ya kuchemka. Yakishalowa, kiwango chenyewe kinashuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa msimu uliopita itupeni, hata ikiwa imejaa. Najua inauma.

Jeki si stendi. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati iliyoanguka. Hili sitalirudia kwa upole.

Rejeta: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani huchemka kwenye kama 94°C. Ndani ya injini yanazuiwa kuchemka na shinikizo linalotunzwa na ule mfuniko mdogo. Mpira wake ukichoka, maji yatachemka na mtakuja kulia na gasketi ya silinda hedi. Nunueni mfuniko mzuri.

Kwa waelekezi, mnaokaa kando ya dereva na kumsomea njia, mnaotaka kuhamia rali: kuwahi kituo cha muda, pale gari linapoandikiwa saa ya kufika, ni ghali kuliko kuchelewa. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, dakika moja ya kuchelewa ni sekunde 10, na dakika moja ya kuwahi ni dakika nzima. Simameni kando ya kibao, mtazame saa.

Na dereva ashike spana pia. Joginder Singh aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544, akiwa na ndugu yake Jaswant, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa jina kubwa. Sisemi kila fundi atashinda Safari. Nasema mtu aliyewahi kufungua habu kwa mikono yake akihisi mtetemo asioujua hatasubiri kona ya tatu. Atasimama, apoteze mzunguko, arudi na magurudumu manne. Dereva wetu akisimama hivyo, asinung'unikiwe na mtu, hata ikiwa kweli ni matope tu.

Jambo jingine mnalolikosea kila jioni: mnakimbilia kuosha gari. Ngojeni. Vumbi hushika penye mafuta, na gari chafu huonyesha pale panapovuja: sili ya driveshafti, paipu ya breki, kona ya gasketi. Chukueni tochi, mmoja apite chini likiwa juu ya stendi, mwingine aandike. Mkimaliza kuandika, mwiteni mwenye pampu ya maji.