Ramani imepigwa kopi: eneo la shamba nizidishe kwa ngapi?

SWALI: Shikamoo mpimaji. Nauza shamba la parachichi aliloacha marehemu baba huku Rungwe, ni mstatili. Nina kopi ya ramani kwenye karatasi ya A4, imeandikwa skeli 1:2,500, ila tarakimu za urefu zimefifia, hazisomeki. Dalali alipima kwa rula akapata sentimita 4 kwa 2.8, yaani mita 100 kwa 70, akasema ni ekari moja na robo tatu. Tukavuta tepu bikoni hadi bikoni (yale mawe ya mpaka), tukapata mita 141 kwa 99. Sasa anasema kopi ilipunguzwa, kwa hiyo tuzidishe zile ekari zake kwa 1.41, tupate kama ekari mbili na nusu. Ni sawa? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba. Si sawa, na usisaini kitu. Zidisha 141 kwa 99 uone: mita za mraba 13,959. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba lako linakaribia ekari tatu na nusu. Huyo bwana anataka kuondoka na ekari yako nzima kwa hesabu ya mdomoni.

Kuhusu kopi amesema kweli. Ramani yako bila shaka ilichorwa kwenye A3, mwenye stationery akaibana iingie A4. Karatasi hizo zimepangwa hivi kwamba kila urefu wa A3 ukiingia A4 hubaki asilimia 71 hivi, na eneo hubaki nusu kamili. Kuurudisha urefu, unazidisha kwa 1.41. Kulirudisha eneo, unazidisha kwa 1.41 mara mbili, kwa sababu urefu umepungua na upana nao umepungua. 1.41 mara 1.41 ni 2. Ile ekari moja na robo tatu inakuwa tatu na nusu, kama tepu ilivyosema.

Hili la kuzidisha eneo kwa uwiano wa urefu ndilo linalonichosha kuliko yote. Naletewa kila mara, na wanaolileta si watoto wa shule. Ni watu wenye mihuri na vitabu vya risiti.

Tena skeli iliyoandikwa kwa tarakimu haibadiliki karatasi inapobanwa. Kopi yako inadai 1:2,500 wakati kwa kweli ni kama 1:3,500. Ule mstari wa skeli uliochorwa chini ya ramani ndio unaopungua pamoja na mchoro, basi kwenye kopi uamini huo. Usipokuwepo, fanya mlivyofanya: chukua upande mrefu ambao bikoni zake zote mbili mnazijua, gawanya urefu wa shambani kwa urefu wa kwenye karatasi. Mita 141 kwa sentimita 4 ni 35.25 kwa kila sentimita. Halafu rudia kwa upande unaokwenda mwelekeo mwingine: 99 kwa 2.8 ni 35.36. Tofauti hiyo ni unene wa kalamu tu. Kama ingetoka 35 upande huu na 31 ule, mchoro umevutwa, haufanani tena na shamba, na hakuna namba moja ya kuuokoa. Picha ya ramani iliyopigwa kwa simu kiubavu na kutumwa WhatsApp huwa hivyo. Mtu akikupimia eneo juu ya picha ya namna hiyo, mpe chai aende.

Jambo moja kuhusu tepu, maana Rungwe ni milima: ramani huonyesha umbali wa usawa. Tepu ikilala kwenye mteremko wa digrii 20, mita 100 zake ni mita 94 za ramani. Kama shamba lenu limeinama, pimeni vipande vifupi vifupi, tepu ikinyooshwa hewani bila kufuata mteremko. Na kabla ya kuuza, ulizia nakala safi ya ramani ofisi ya ardhi ya halmashauri. Eneo huandikwa humo, rula haina kazi.

Kosa hilohilo linaliza watu wasio na ramani kabisa. Kuanzia Mbalizi hadi Makambako ekari inapimwa hatua 70 kwa 70. Mnunuzi akitaka nusu, anapimiwa 35 kwa 35, anashukuru, analipa. Hiyo ni robo ekari! Nusu ni 70 kwa 35, au ukitaka mraba, hatua 49 na nusu kila upande. Na uliza hatua ni za nani: 70 kwa 70 hukaribia ekari pale tu hatua moja inapofika sentimita 90 hivi, na anayeuza hupenda kumtuma mwenye miguu mifupi.