Umenunua nyumba Malindi juzi, na leo wataka kuiuza?

Hutokea. Umehamishwa kazi, ndoa imevunjika, mzazi anahitaji matibabu, au umesikia jirani kauza ghali nawe ukaingiwa na tamaa. Kazi yangu ni udalali wa nyumba hapa Malindi, na watu wanaonijia kabla rangi waliyopaka haijaanza kupauka si wachache. Swali lao huwa moja: "Nitauza ngapi?" Wangeniuliza "Nitabaki na ngapi?" tungeelewana upesi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Umenunua nyumba mjini kwa milioni 6. Ndani ya manispaa, ushuru wa stampu (kodi ya kuhamisha hati) ni asilimia 4, yaani Sh240,000, na mnunuzi ndiye anayelipa (huko mashambani ni asilimia 2). Wakili wako tuseme alichukua Sh140,000 pamoja na VAT. Ukatengeneza paa na kuweka tangi la maji, Sh200,000. Nyumba sasa imekugharimu Sh6,580,000. Baada ya mwaka mmoja anatokea mtu wa milioni 6.8. Mtaani watasema umepata laki nane. Mtoe dalali asilimia 3, Sh204,000, na wakili wa kuuza Sh130,000. Umepata hasara ya Sh114,000, na bado sijagusa riba ya benki.

Kama ulikopa, hesabu ni chungu zaidi. Katika miaka ya kwanza ya mkopo mrefu, sehemu kubwa ya unacholipa kila mwezi ni riba, na deni lenyewe halijapungua kitu. Pia uulize benki kwa maandishi kama kuna faini ya kumaliza mkopo mapema, kisha uhesabu gharama ya kuondoa rehani kwenye hati. Uliza kabla hujaongea na mnunuzi yeyote.

Sasa tuseme soko limekupendelea, umeuza milioni 7.5. Ukitoa dalali Sh225,000 na wakili Sh140,000, faida yako halisi ni Sh555,000. Hapo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nao wana fungu lao: kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ilhali zamani ilikuwa 5. Utalipa Sh83,250. Kodi hii hulipwa na muuzaji, na haitozwi kwenye bei nzima bali kwenye faida baada ya kutoa gharama zako. Lakini gharama isiyo na risiti ni hadithi tu. Fundi wa paa akikwambia "risiti ya nini, bosi?", mwambie aandike, atie sahihi, na umlipe kwa M-Pesa ili ibaki alama.

Kuna mlango wa halali wa kuikwepa kodi hiyo. Nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza haitozwi. Ndiyo maana mtu aliyekaa miaka miwili na nusu, na hana dharura, mimi humshauri avute subira, aweke bili zake za maji na umeme vizuri, kisha tuzungumze. Kama huishi humo, umeinunua ili uiuze tu, msamaha huo haukuhusu. Na ukiifanya kazi hii ya kununua na kuuza kila mara, usishangae ukihesabiwa mfanyabiashara na mapato yako kutozwa kama ya biashara.

Hapa ndipo ninapogombana na wanunuzi wapya. Muuzaji anakunong'oneza: "Kwenye mkataba tuandike milioni 4, utapunguza ushuru wa stampu." Unaona umepewa zawadi. Kwanza, mthamini wa serikali ana makadirio yake, na ushuru utatozwa kwa thamani anayoikubali yeye. Pili, hilo ni kosa la kisheria. Tatu, na hili ndilo huwauma wanaouza mapema: siku ukiuza kwa milioni 6.8, karatasi zinasema ulinunua kwa 4. Kwa macho ya KRA umepata faida ya karibu milioni mbili, na wewe unajua moyoni umepata hasara. Utamlilia nani? Yule muuzaji wa kwanza alishabadilisha namba ya simu. Andika bei ya kweli siku ya kununua, hata kama inauma.

Hati nayo iwe imeshaingia jina lako. Wapo wanaotaka kuuza kwa mkataba tu, hati bado ina jina la mwenyewe wa zamani. Wakili wa mnunuzi akipeleka upekuzi kwenye ofisi ya ardhi Kilifi, aone hati ina jina la nani, mazungumzo yanakufa palepale. Kama umeoa au umeolewa, idhini ya mwenzako kwa nyumba ya familia si hisani, ni sharti la sheria. Lipa kodi za ardhi za kaunti upewe cheti. Shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, na kibali hicho huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mapatano ya mdomo kuhusu ardhi hayana nguvu mahakamani hata kama mlipeana mikono mbele ya sheikh.

Halafu kuna jambo letu la pwani ambalo wageni kutoka bara huwatoa jasho: nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya zamani ya Malindi, kama ilivyo Mombasa, unaweza kununua nyumba nzuri, ukuta na paa ni vyako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na wewe humlipa kodi ya ardhi. Chanzo chake ni cha zamani. Familia chache zilipata hati baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, na wengine wote wakaendelea kujenga juu ya ardhi hiyo kwa mapatano. Nyumba hizi hununuliwa kwa bei nafuu, na ndipo mtego ulipo kwa anayetaka kuuza upesi. Benki haikopeshi juu ya nyumba isiyo na kiwanja, kwa hiyo mnunuzi wako lazima awe na pesa taslimu. Lazima pia mwenye ardhi amkubali huyo mgeni, na mara nyingi hudai chochote kwa kumwandika. Nenda kwake kwanza, na malimbikizo yote ya kodi uwe umeshalipa. Akikasirika, hutauza.

(Lamu mjini kuna la kwao. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na huwezi kubomoa ukuta au kubadilisha mlango kwa sababu mnunuzi anapenda vya kisasa. Lazima upate ruhusa ya makumbusho. Na nyumba ya wakfu, Lamu au Malindi, haiuzwi. Waulize wazee wa mtaa kabla ya kumuuliza wakili.)

Umeshaweka nyumba sokoni? Basi jiandae kwa swali moja: "Mbona wauza mapema hivi?" Mnunuzi wa Malindi hatakuuliza wewe tu. Atakaa kwenye kibanda cha mahamri pale kona, aagize chai ya maziwa, na aulize kwa sauti ya kutojali kama ile nyumba ya geti la buluu ina maji. Kabla ya kumaliza kikombe atakuwa ameambiwa ya maji, ya jirani mwenye muziki, na kwamba labda ina majini, maana mwenyewe hata mwaka hajatimiza. Uwe na jibu fupi na la kweli, na jirani zako walijue. "Kazi imenipeleka Nakuru" linatosha. Ukimpa kila mtu sababu tofauti, bei itashuka bila hata nyufa kuonekana.

Nyufa nazo zitatafutwa. Chumvi inayopanda ukutani tunaijua sote; ukiipaka rangi leo itarudi ikiwa na unga mweupe, na mafundi wa wanunuzi hukwaruza ukuta chini karibu na sakafu kwa ufunguo. Wengine huonja maji ya kisima. Ni afadhali useme mwenyewe kwamba kisima ni cha chumvi na ya kunywa ni ya mfereji, kuliko mnunuzi ateme maji mbele yako. Ukarabati uwe mdogo: paa lisilovuja, tangi, umeme salama. Bwawa la kuogelea lijengwe na mwenye nyumba anayekusudia kuliogea; pesa yake hairudi.

Wakati nao una maana. Kati ya Desemba na Machi mji umejaa, wageni na watu wa bara wapo, nyumba inaonekana kavu na yenye upepo. Ukileta mtu Mei, mvua za masika zinanyesha, makuti yanavuja, hoteli kadhaa zimefunga, utajibishana naye juu ya bei ya chini. Na kama mnunuzi wako si raia wa Kenya, ajue mapema kwamba kwa Katiba ya 2010 hawezi kumiliki ardhi milele, ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Nimeona biashara zikivunjika wiki ya mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia.

La mwisho ni funguo. Malipo ya awali, kwa kawaida asilimia 10, yakae kwa wakili, na zilizobaki zikamilike kwa muda mliouandika. Katikati, mnunuzi ataomba aingie "apige rangi tu" au alete kitanda kimoja. Akishalala humo, kumtoa ni kesi. Akitaka kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, fuatana naye, apime, mtoke nyote wawili, na ufunge mlango mwenyewe.