TX kwa RX, lakini MISO kwa MISO?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikuwa naandika programu za kompyuta za kawaida, sasa nimejiunga na wenzangu wanaounda saketi za vichakataji vinavyofungwa ndani ya mashine. Nimekariri kirefu cha JTAG ya kupimia chipu, cha UART, SPI na I2C ambazo ni njia za chipu kutumiana data, na cha BGA ambayo ni umbo mojawapo la chipu, lakini wakizungumza bado naachwa njiani. Halafu, kwa nini pini ya TX kwenye UART inaungwa na RX, ilhali MISO kwenye SPI inaungwa na MISO?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana limewahi kunila siku mbili nzima. Niliunga TX ya ubao mpya na TX ya kifaa changu, skrini ikawa kimya. Nikabadilisha kasi kutoka biti 9600 kwa sekunde hadi 115200, nikalehemu pini upya, nikaanza kuishuku chipu. Chipu ilikuwa nzima kabisa.

TX ni mahali pa kutolea, RX ni mahali pa kupokelea. Katika UART kila chipu hutaja pini kwa upande wake yenyewe: ninachotoa mimi, wewe unakipokea. Ndiyo maana nyaya zinapishana. MISO (Master In, Slave Out) si jina la pini ya chipu moja. Ni jina la waya mzima: huku mkuu anapokea, kule mfuasi anatoa. Waya ni mmoja, kwa hiyo jina ni moja ncha zote mbili. Ila chipu nyingi za SPI huandika SDO (data inatoka) na SDI (data inaingia), na hapo tumerudi kwenye macho ya chipu yenyewe: SDO ya huyu huenda SDI ya yule.

Usidhani kanuni hiyo inatosha. Katika RS-232, kiwango cha kuunganisha kompyuta na modemu, majina yote yalitolewa kwa kutazama kutoka upande wa kompyuta, hivyo TXD ya modemu ni pini ya kupokelea! Kwa hiyo ukikutana na herufi za pini, kirefu chake kiwe swali la pili. La kwanza liwe: aliyetoa jina hili alikuwa amesimama wapi?

JTAG nayo ina kisa chake, na nadhani ndiyo inayokupoteza vikaoni. Herufi zile si za kifaa wala waya. Ni za kikundi cha wahandisi, Joint Test Action Group, kilichoundwa 1985. Chipu zilikuwa zimeanza kusongamana kwenye ubao hadi sindano za kupimia hazipati pa kugusa. Wakabuni njia ya kuzipima pini kutokea ndani ya chipu, na mwaka 1990 ikawa kiwango cha IEEE 1149.1. Ukiitazama BGA, ambayo vishikizo vyake ni vitone vya lehemu vilivyojificha chini ya tumbo la chipu, utaona walikuwa wanakimbizana na nini. Siku hizi mwenzako akisema “chomeka JTAG”, mara nyingi anataka kusaka hitilafu ya programu kupitia pini zilezile: TCK (saa), TMS (kuchagua hali), TDI (data kuingia) na TDO (data kutoka).

I2C haitakusumbua kwa majina, kwani SDA (data) na SCL (saa) ni nyaya za wote. Itakusumbua kwa anwani, yaani namba ya kuitia kila chipu kwenye nyaya hizo. Anwani yake ya kawaida ina biti 7, lakini baadhi ya watengenezaji huongeza ile biti ya kusoma au kuandika, hivyo kifaa cha 0x50 kinaandikwa 0xA0. Chipu isipojibu, gawa kwa mbili kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Na kabla ya kuunga UART yoyote, washa ubao bila waya wa mawasiliano, upime pini za chipu. TX iliyotulia hukaa juu. Ukisoma volti 3.3 huku kifaa chako kinatoa 5, usiunge kwanza. Tafuta kigeuza volti.