Naogopa urefu, nimeze vidonge kabla ya kupanda Tsingy?

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mwalimu hapa Mwanga, Kigoma. Tumejichanga watu wanne, mwezi wa 9 tunaenda Madagaska kwenye yale mawe ya Tsingy de Bemaraha tukaone lemuri, wale wanyama wanaofanana na kima. Shida yangu naogopa sana urefu, na nimeona video za yale madaraja ya kamba. Kuna jamaa sokoni ananiuzia vidonge vya kizunguzungu, anasema nimeze viwili asubuhi hofu yote inaisha, afu belti ya usalama ya kupandia ni mambo ya wazungu, sisi tuliozoea milima hatuihitaji. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, vidonge usimeze. Hili swali kila nikiandaa kundi lazima mtu aniulize, na kila mara nyuma yake kuna muuzaji ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya tenki la maji.

Hivyo vidonge ni vya kichefuchefu cha safari, vile watu wanameza wakipanda boti za ziwani. Kwenye boti sikio la ndani linaambia ubongo unatikisika, macho yanaona umekaa tu kwenye benchi, ubongo unachanganyikiwa, unatapika. Urefu ni kitu kingine kabisa. Ukisimama juu, vitu vilivyotulia viko mbali sana chini, macho yanakosa cha kushikilia, mwili unaanza kuyumba kidogo na wewe unausikia ukiyumba, ndio moyo unaenda mbio. Sasa kidonge kitarekebisha nini hapo? Vingi vinaleta usingizi, kwahiyo utakuwa mtu yuleyule mwenye hofu ila umesinzia, juu ya mawe yaliyochongoka kama mikuki.

Fanya hivi. Kuanzia leo tafuta ghorofa, simama kwenye balkoni ya kwanza mpaka moyo utulie wenyewe, usiondoke kabla haujatulia, ukizoea panda ya pili, hivyohivyo kwa wiki kadhaa. Na ukifika darajani macho yaweke kwenye kitu cha karibu, ule waya unaoushika au ubao unaofuata, sio kule bondeni. Siku ya kwanza muombe guide aanze na Tsingy Ndogo, Kubwa muende kesho yake. Ukiona haiwezekani kabisa, kuna mtumbwi kwenye korongo la mto Manambolo hapo Bekopaka, hutajuta. Mwezi wa 9 mmechagua vizuri maana masika yakianza kule barabara ya kutoka Morondava haipitiki na hifadhi inafungwa.

Ila kinachoniuma sio hofu yako. Ni hilo la belti. Mtu muoga huwa anashika kila kitu na anamsikiliza guide, mimi sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni yule aliyepanda mlima Nkungwe kule Mahale akarudi salama anadhani kazoea. Nkungwe unatembea kwa miguu, huning'inii. Na kama ni kuzoea, muangalie mkwezi wa michikichi hapa kwetu, kapanda toka utotoni na bado kile kitanzi hakimtoki kiunoni toka chini mpaka juu. Aliyezoea kweli ndio anafunga.

Na kuvaa belti sio kufunga belti, hapa ndio watu wengi wanakosea. Belti ina kamba mbili fupi, kila moja na karabina yake, yaani kulabu ya chuma unayoifunga kwenye waya. Ukifika kwenye chuma kinachoshikilia waya ukutani unatoa karabina moja, unaivusha, unaifunga, ndio unatoa ya pili, na hakuna sekunde hata moja ambayo zote mbili ziko nje. Niliwahi kuwa na mteja alizitoa zote apige selfi na sifaka mweupe, aina ya lemuri, nilinyamaza kimya nikamsogelea taratibu nikamfunga mwenyewe, maana ningepiga kelele angeshtuka. (Huyo sifaka anaitwa wa Decken, ndio yuleyule Decken, mpelelezi Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861. Utawaona wanaruka juu ya ncha za mawe kama wanaruka kwenye godoro.) Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mfupa wa nyonga, uvute kwa nguvu kwenda chini, ukishuka hata kidogo kaza tena.

Afu usijiachie eti belti itakudaka. Tuseme vyuma viko mita tatu tatu kwenye waya uliosimama, ukiteleza karibu na cha juu unashuka zile mita tatu pamoja na urefu wa kamba yako, unakuja kusimamishwa na kakamba ka mita moja. Huo mshtuko unaweza kuvunja mgongo, unaweza kukata kamba yenyewe kama haina kile kipande kilichoshonwa kinachofumuka kupunguza nguvu. Kwahiyo mikono na miguu ndio inakubeba, belti ni ya siku mkono ukikosea.

Na hili nawaambia wote sio mwalimu tu, wanaofunga sola juu ya mabati, wanaopanda minara, wanaopaka rangi maghorofa hapa Kigoma na Tabora. Nawaona mmevaa belti imening'inia nyuma kama mkia kwasababu bosi anataka picha. Wengine mmeshonewa na fundi viatu kwa mikanda ya siti za gari iliyochakaa, mkanda uliokaa juani miaka nyuzi zake zimeshaoza hata kama kwa macho unaonekana mzima. Belti iliyowahi kudaka mtu haitumiki tena, hata iwe mpya. Isiyojulikana imetoka wapi usivae. Na mtu akibaki ananing'inia hajitikisi mshusheni haraka, damu inagoma kurudi kutoka miguuni, dakika chache tu zinatosha kumpoteza, msisimame chini mkisubiri gari la zimamoto lije.