Wiki tatu nikisikia kwa mfupa

Juzi msomaji wa Malindi kaniandikia: “Mwalimu, mamangu anapasuliwa sikio mwezi ujao. Ule mkanda wako wa kusikia ulikusaidia kweli, au yalikuwa maringo?” Maringo! Haya, nisikilizeni.

Nilipasuliwa nikazibwa tundu la kiwambo cha sikio la kulia kule Mombasa. La kushoto usaha haukauki tangu utotoni, hata mashine ya kusikia ya kuchomeka haikai. Wakanijaza shashi yenye dawa kulia, wakaniambia wiki tatu. Nikashuka gatini Lamu sisikii ila meno yangu yakitafuna.

Kabla ya kunipasua, daktari aligonga uma wa chuma wa kupimia usikivu akauweka mbele ya sikio: ukalia kama mbu wa mbali. Akausimamisha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ukavuma kichwa kizima. Maana yake sikio la ndani zima, iliyoharibika ni njia ya kufikia. Kifaa nilichoazimwa, kidude kwenye mkanda wa kichwani, hutetemesha fuvu, sauti ikaingia kwa mlango wa nyuma, shashi ikabaki na kazi yake. Mama akiwa sikio la ndani ndilo lililochoka, msitarajie makubwa. Muulizeni daktari hilo kwanza.

Nilikivaa kushoto, mbali na mshono. Kidude kigandame mfupani, nywele zipishe. Mkanda ukikaza hadi ngozi ikawa nyekundu, vua upumzike. Na mtandio! Ukikigusa tu kinapiga mluzi. Wanafunzi wangu wa madrasa walidhani nimeficha ndege. Lakini siku ya kwanza tu nilimsahihisha mtoto wa safu ya nyuma herufi moja, moja tu, na darasa zima likageuka. Siwafichi, nilijiona mkubwa.

Kasoro yake: hakikwambii sauti yatoka wapi, kwani mtetemo mmoja hufika masikio yote mawili. Kichochoroni Langoni nikasikia “Simile!”, nikajibana upande usio wenyewe, punda wa mchanga akanikwaruza bega hadi buibui likachanika. Tangu siku hiyo natembea na mpwa wangu.

Usiku toa betri, kifaa kiweke kwenye kopo lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, hewa yetu ya chumvi haina huruma. Maji yasiingie sikioni. Kamasi usipenge kwa nguvu.

Na jamani, aibu ya nini? Miwani mnavaa, meno ya bandia mnavaa, mkanda wa kusikia ndio uwe kilema? Mtu anakaa kibarazani anaitikia “ehe, ehe” asilolisikia, kisha mnasema ana kiburi. Mvalisheni mama, msimpigie makelele.

Msimamizi wetu aliponiona nao kichwani alimpa mwengine darasa langu, “mpaka upone.” Nimepona tangu Shaaban. Darasa bado analo yule, na herufi ya dhadi anaisomesha makosa. Nimemsikia mwenyewe kutoka dirishani, kwa sikio la kulia.